Ghala Kabla ya Tanga

Manono haina bandari ya ziwa. Mji umekaa kati ya Lualaba na Luvua, na anayetaka kuyaona mawimbi ya Tanganyika hana budi kusafiri mamia ya kilomita kwenda mashariki, kwa barabara ya udongo, hadi Kalemie. Hata hivyo ziwa limejaa tele sokoni kwake. Limo katika chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikivushwa kwenda magharibi tangu kabla ya reli kujengwa. Limo katika saruji, mabati, misumari, mafuta ya kupikia na vitenge vinavyofika Kigoma kutoka Dar es Salaam na kupakiwa tena kwenye boti za mbao. Mji ulioishi kwa bati ya kampuni ya Géomines, na ambao sasa unatajwa duniani kwa sababu ya lithiamu, unajengwa na kulishwa kwa sehemu kubwa na vitu vilivyovuka maji. Kwa hiyo swali la lini boti ing'oe nanga halimhusu nahodha peke yake. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba mpango wa hali ya hewa wa safari ya ziwa unaanzia Manono, kwenye rafu za duka na sakafu ya ghala, wiki nyingi kabla nahodha hajainua macho kutazama mawingu. Duka likiwa tupu, utabiri wowote utapuuzwa. Ghala likiwa na akiba, hata nahodha asiye na simu mkononi anaweza kuketi ufukweni na kuuacha upepo upite.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana umbo lake ndilo linaloamua mengi. Lina urefu wa karibu kilomita 670 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa wastani wa kilomita 50 tu. Limelala ndani ya bonde la ufa, limebanwa na milima pande zote mbili: upande wa Tanzania kilele cha Mahale kinafika mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, ilhali maji yako karibu mita 770. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki, huu ambao watu wa pwani wanauita kusi, unaingia bondeni, unakutana na milima, unageuzwa na kuufuata urefu wa ziwa. Wimbi hukuzwa na mambo matatu, yaani nguvu ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na masafa ya maji yasiyo na kizuizi. La kwanza na la pili hubadilika kila siku. La tatu halibadiliki: kutoka Mpulungu, kule Zambia, hadi mbele ya Kalemie kuna zaidi ya kilomita 300 za maji matupu. Upepo ukivuma mchana kutwa na usiku kucha, wimbi linalofika Kalemie limekuwa likikua njia nzima, na halishangazi likizidi kimo cha mtu. Anayeliita ziwa hili dimbwi kwa sababu ng'ambo yaonekana siku ya anga safi anaupima upana wake, na upepo wa kusini haupiti kwa upana.

Mvua zikianza Oktoba, kusi hulegea, na wengi husema ziwa limetulia. Limebadilisha tabia tu. Jua likizama, milima hupoa upesi kuliko maji. Hewa baridi huteremka kutoka Kongo na kutoka Tanzania, ikakutana juu ya maji yenye joto la nyuzi 25 na zaidi, ikasukumana kwenda juu, na mawingu ya radi yakajengeka usiku wa manane mahali ambapo jioni palikuwa na nyota. Hali hii inajulikana katika maziwa yote makubwa ya eneo letu, na imechunguzwa zaidi katika Ziwa Victoria, ambako mchana radi hupiga nchi kavu na usiku hupiga maji. Dhoruba ya namna hiyo haidumu. Inaweza kuisha katika muda wa kupika wali. Lakini mbele ya mvua hutangulia upepo wa ghafla unaogeuza mwelekeo wote, na boti iliyokuwa imejipanga kupokea mawimbi ya tezi inajikuta yamepiga ubavuni. Kwa hiyo ziwa lina misimu miwili ya hatari yenye sheria tofauti: katika kiangazi cha kusi unahesabu siku, na katika masika unahesabu saa.

Sasa weka kalenda hiyo kando ya kalenda ya barabara. Lori linalotoka Kalemie kwenda Manono hupita vizuri wakati udongo umekauka, yaani kuanzia Mei au Juni hadi Septemba, miezi ileile ambayo kusi iko kwenye kilele chake. Oktoba ikifika, upepo unapolegea, barabara nayo inaanza kulainika, na kufikia Januari lori linaweza kulala tope moja siku kadhaa. Njia yenye mguu mmoja majini na mwingine kwenye tope haina mwezi unaofaa pande zote mbili. Mfanyabiashara anajua kwamba barabara ikifunga, mtaji wake umekwama Kalemie mpaka mwaka mwingine. Basi anapiga simu Juni na Julai, anasukuma, analipa nyongeza ili mzigo uvuke wiki hii. Hana nia mbaya. Anaitazama njia ya lori, na aliye Kigoma anatazama maji, na kwa kuwa mwenye pesa ni yule anayeitazama barabara, kauli yake ndiyo hushinda. Naona hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na sijaona tangazo la tahadhari linalokigusa. Matangazo humwambia nahodha awe mwangalifu, na tajiri wa mzigo hayasemi naye.

Hebu tuhesabu saa. Kutoka Kigoma hadi Kalemie kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 125. Boti ya mbao iliyojaa, yenye injini ya kawaida, tuseme inakwenda kilomita 10 kwa saa maji yakiwa matulivu. Safari ni saa 12 na nusu. Akitoka saa kumi alfajiri, nahodha atafika saa kumi na nusu jioni, kabla jua halijazama. Akitoka saa kumi jioni, atakula usiku mzima katikati ya ziwa, akipita kwenye saa zilezile ambazo mawingu ya radi hujengeka. Boti ni ileile, mzigo uleule, nahodha yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili alingoja boti ijae. Asubuhi ilikuwa imefika nusu, mchana robo tatu, alasiri ikaja lori moja kutoka stesheni ya reli na mifuko ya mwisho, na hapo ndipo injini ikawashwa. Marufuku ya kusafiri usiku imetangazwa mara nyingi baada ya ajali za majini nchini Kongo, na nia yake ni njema, ila katika safari ndefu kama hii haikatazi kinachoua. Aliyeondoka saa kumi jioni aliondoka mchana kweupe. Marufuku yenye maana ingeisoma saa ya kufika.

Mzigo wenyewe ukingojwa, haumalizii kwenye kuchelewesha saa. Chukua boti yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 4, ambayo eneo lake kwenye usawa wa maji, ukitoa omo na tezi zilizochongoka, ni kama mita za mraba 60. Tani moja ya mzigo inalizamisha umbo hilo karibu sentimita 1.7. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji. Ongeza mifuko 240, na ukingo umeshuka sentimita 20, shibiri moja ya mtu mzima. Sasa simama karibu na boti hiyo ikiwa imefungwa gatini. Kabla ya mifuko ile ya mwisho, mtoto aliyeketi ukingoni angening'iniza miguu bila kulowa. Baadaye vidole vinagusa maji, na mama anayeosha ndoo pembeni anaweza kuchota bila kuinama. Ndani ya ghuba, hakuna anayeona tatizo, kwa sababu ghuba haina wimbi. Shibiri ile iliyouzwa kwa mifuko 240 ilikuwa ndiyo nafasi ya wimbi. Juu ya saruji hupangwa magodoro na mabunda ya vitenge, na juu ya mabunda huketi abiria, uzito ukiwa umepanda juu ambapo ulitakiwa kukaa chini. Mvua ikianza, wote hukimbilia upande wenye turubai.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na namna ajali zetu zinavyoandikwa, kwamba chanzo ni upepo mkali, kisha koma, kisha mzigo kupita kiasi, kana kwamba balaa mbili zilikutana kwa bahati mbaya. Desemba 2014, usiku, MV Mutambala ilipinduka katika Ziwa Tanganyika na watu zaidi ya 120 wakafa. Viongozi wa Katanga ya wakati ule walitaja hayo mawili. Desemba ni katikati ya mvua, na usiku ndio wakati wa radi za ziwani. Sizungumzii dhamira ya yeyote katika ajali ile. Nasema kuhusu utaratibu mzima wa ziwa hili. Mzigo unaongojwa ndio unaoisogeza safari kwenye giza, na mzigo huohuo ndio unaoondoa shibiri ambayo ingeiokoa boti gizani. Ni chanzo kimoja chenye mikono miwili.

Wanaovuka bahari kuu katika msimu wa vimbunga wamelazimika kulifikiri jambo hili la kungoja kwa undani kuliko sisi. Sisi hatuna kimbunga cha aina hiyo. Kimbunga cha kitropiki huhitaji bahari pana yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na huhitaji mzunguko wa dunia uisokote hewa, jambo ambalo karibu na ikweta, ndani ya latitudo 5 hivi, ni dhaifu mno. Ziwa letu liko kati ya latitudo 3 na 9 kusini, na ni jembamba. Lakini namna ya kufikiri inavuka mipaka. Katika Atlantiki msimu umewekwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na mabaharia wa matanga wanaokwenda visiwa vya Karibi kutoka pwani ya Marekani hungoja Novemba, wengine kwa sababu mkataba wa bima unawalazimisha. Kwa wale wanaolazimika kuwa baharini ndani ya msimu ipo kanuni inayofundishwa kwa jina la moja-mbili-tatu. Watabiri wanasema kimbunga kitakuwa hapa baada ya siku moja. Wewe ongeza maili 100 za baharini kila upande kwa ajili ya kosa lao. Kwa siku ya pili ongeza 200, kwa ya tatu 300, juu ya upana wa upepo mkali wenyewe, kisha usiingize chombo ndani ya duara hilo. Maili 300 ni kilomita 555 na ushei. Kanuni hii inanivutia kwa sababu inaanza kwa kukiri kwamba mtabiri atakosea, na inaligeuza kosa hilo kuwa nafasi ya kukaa mbali. Wala huhitaji kumwamini mtabiri kupita kiasi. Unahitaji tu kuwa na pa kwenda na muda wa kwenda.

Muda ndio uliokosekana kwenye El Faro. Meli hiyo ya makontena ya Marekani, yenye urefu wa mita 240 hivi, iliondoka Jacksonville Septemba 29, 2015 kwenda San Juan, Puerto Rico, dhoruba Joaquin ikiwa tayari imetajwa mashariki ya Bahama. Ilikuwa safari ya ratiba, bidhaa za kisiwa kinachotegemea meli. Kulikuwa na njia ndefu zaidi kusini mwa visiwa, yenye hifadhi. Meli ilishika njia fupi. Wachunguzi wa serikali walieleza baadaye kwamba nahodha alikuwa akitegemea taarifa ya hali ya hewa iliyopitwa kwa saa kadhaa, ilhali mpya zaidi zilipatikana melini humohumo, na kwamba maafisa walio chini yake walipendekeza kubadili njia. Oktoba 1 meli ilizama na watu wote 33. Naileta hapa kwa ajili ya wale wanaosema shida yetu itaisha siku tutakapopata meli kubwa za chuma na mitambo ya setelaiti. Vitu hivyo navitamani kwa moyo wote. Lakini El Faro ilikuwa navyo, na uamuzi wa kushika njia fupi ulifanywa kukiwa bado na bahari tulivu mbele ya omo, saa ambayo kugeuka kungegharimu kuchelewa tu.

Pwani ya Waswahili iliijua hesabu ya kungoja zamani sana. Manahodha wa majahazi walikuja na kaskazi kuanzia Desemba na kurudi na kusi, na hawakurudi wakati wowote wa kusi. Katika kilele chake, miezi ya Juni na Julai, bahari ya Uarabuni ilihesabiwa kuwa imefungwa. Mtu aliondoka mapema, Aprili na Mei, au aliisubiri demani, Agosti na kuendelea, upepo ulipopoa. Ili kujua walipo katika mwaka walihesabu siku kutoka Nairuzi, kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, na mkulima alitumia miongo hiyohiyo kupanda. Watu hueleza maarifa hayo kana kwamba yalikuwa ya nyota na upepo peke yake. Mimi naona yalisimama juu ya kitu kingine pia: Zanzibar, Mombasa na Lamu zilikuwa na maghala, na tajiri aliyemkopesha nahodha alikubali tangu mwanzo kwamba fedha yake itarudi baada ya msimu. Biashara nzima ilikuwa imelipiwa muda wa kungoja. Hata hivyo walikosea wakati mwingine. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, mahali ambapo watu waliamini vimbunga havifiki, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Akiba haizuii kimbunga. Inamwezesha mtu asiwe njiani kikifika.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kikielekea pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari siku kadhaa kabla, vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa, na kimbunga kikaingia Mafia Mei 4. Sifa zilikwenda kwa utabiri, na zilistahili. Lakini jiulize kwa nini agizo la kusimama lilitiiwa. Unguja ilikuwa na unga, mchele na mafuta ya siku nyingi. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu boti za abiria zilikaa gatini kwa muda. Linganisha na Julai 18, 2012, siku ya kawaida ya kusi, bila kimbunga wala jina la kimbunga, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Chombo kile kilijengwa Marekani kwa safari fupi za maji yaliyokingwa. Siku ya Hidaya kila mtu alijua ni siku ya kungoja. Siku ya Skagit ilionekana kama siku nyingine zote, na kwa ziwa letu takriban siku zote za hatari ni za aina hiyo ya pili.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Mtu atasema: ghala ni maneno ya matajiri, mwenye duka la Manono ana mtaji wa mzunguko mmoja, anauza mfuko huu ndipo anunue ule. Ni kweli, na asiyeanza na ukweli huo hajawahi kuangalia daftari la duka. Lakini tazama nani analipa sasa. Boti inapongoja ijae, gharama ya kungoja iko palepale, abiria wanalala ufukweni na ndakala wao, yaani dagaa, wanaota ukungu. Lori likikwama tope Januari, mwenye duka hulipa kwa bei. Mzigo ukitupwa majini ili kuiokoa boti, anapoteza mzunguko wote. Gharama ya muda tunailipa tayari, kwa kipande na kwa ghafla. Ghala la pamoja Kalemie, la wafanyabiashara ishirini, hata la matofali na mabati tu, linaigeuza kuwa kodi ya mwezi inayojulikana. Sidai kwamba kila kitu kinaweza kuwekwa. Saruji inagandishwa na unyevu wa ziwa, unga unaingia wadudu, na mafuta ya petroli hayapaswi kukaa karibu na watu. Chumvi, mabati, misumari, vitenge, sabuni na masufuria vinaweza. Hivyo tu vikivuka katika majuma tulivu, kusi inapolegea mwishoni mwa Septemba kabla mvua hazijashika, na tena mvua zinapoondoka na kusi haijakaza, boti za miezi migumu zitabaki na vichache vya kubeba, na shibiri itarudi.

Wengine watasema watu hawawekwi ghalani. Mgonjwa anakwenda hospitali, mwanafunzi anakwenda shule, msiba hauna msimu. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu naliona suala la mzigo kuwa la abiria kwanza. Leo mama mwenye mtoto anayeugua homa anapanda juu ya saruji na anaondoka saa ambayo saruji imekamilika. Mzigo usipokuwa na haraka, boti yake inaweza kutoka alfajiri ikiwa nyepesi, na nahodha akaweza kuirudisha njiani bila kupigiwa simu na mwenye mali. Na mvuvi wa ndakala? Kazi yake ni ya usiku usio na mbalamwezi, na hakuna anayeweza kumwambia avue mchana. Lakini mvuvi huwasha taa zake mahali ambapo kijiji bado kinaonekana. Radi ikimulika milima anaweza kuvuta wavu na kukimbia. Boti ya kuvuka ikiwa katikati ya safari, kila bandari iko saa sita mbali.

Linabaki suala la utabiri, kwamba kwetu haupo au hauaminiki. Tanzania hutoa utabiri wa maziwa makuu, na Kongo ina shirika lake la hali ya hewa, METTELSAT. Maneno yao hufika gatini kwa uchache, hilo halina ubishi. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Ziwa Victoria uligundua kwa picha za setelaiti kwamba radi nyingi juu ya nchi kavu alasiri ni dalili ya usiku mbaya ziwani. Ziwa letu lina milima mikali zaidi na umbo tofauti, kwa hiyo siwezi kuihamisha kanuni hiyo nzima. Hata hivyo inatupa swali ambalo mtu yeyote wa gatini anaweza kuliuliza saa tisa alasiri bila mtambo: je, mawingu juu ya milima ya nyuma yetu yamesimama kama minara, na radi imesikika nchi kavu? Ikiwa ndiyo, boti ingoje alfajiri. Swali kama hili lina kasoro, litasimamisha safari kadhaa ambazo zingefika salama. Kanuni ya moja-mbili-tatu nayo inafanya hivyo kila msimu, na mabaharia wanaikubali kwa kuwa walishaiweka gharama yake kwenye bajeti.

Na yuko anayesema kwa imani kwamba ajali haina kinga, na siku ya mtu ikifika imefika. Sina neno dhidi ya imani hiyo, kwa sababu watu wa ziwa wanaohesabu waliozama katika ukoo wao wanahitaji kitu cha kushika. Upepo hauko mkononi mwetu. Saa ya kuwasha injini iko, na mfuko wa mia mbili na arobaini uko. Uingereza ya karne ya 19 nayo ilizoea kusema mabaharia huchukuliwa na bahari, mpaka Samuel Plimsoll, mbunge, akapigania mstari uchorwe ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa mzigo. Sheria ilipitishwa 1876, ila ilimwachia mwenye meli achore mstari mahali anapotaka, na miaka mingi ikapita kabla serikali haijakaza msumari huo. Somo ninalolichukua kwa Kalemie na Kigoma ni la nani ashike brashi. Mstari mweupe kwenye boti ya mbao ni rangi ya kopo moja. Ukichorwa na mwenye boti, utapanda kila mwaka. Uchorwe na wale ambao mali yao imo ndani na wale ambao watoto wao wako juu ya mali hiyo, mbele ya mkaguzi wa bandari, siku boti ikiwa tupu na ghuba imetulia.

Agizo la Oktoba, kwa hesabu hii, liandikwe Manono Agosti, vumbi likiwa bado barabarani na ghala la Kalemie likiwa na chumvi ya kumaliza mwezi. Mwenye duka anapiga simu Kigoma na kusema mabati yake yavuke lini, akitaja siku kumi badala ya siku moja, na kwamba boti itoke saa kumi alfajiri hata kama haijajaa. Atalipa zaidi kidogo kwa kila bati. Atakuwa na wiki tatu za kuuza yaliyomo dukani kabla hajahitaji kujua kama yamefika.